Kupiga Mbizi kwa Mtungi: Mahali, Msimu na Safari ya Kurudi Nyumbani

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, sikio tu nipe mimi. Wiki zilizopita tumezungumza juu ya chanjo, uji wa watoto na vyandarua. Leo tunatoka nje kidogo, tunashuka mpaka Pwani, tena tunashuka mpaka chini ya maji.

Pengine unasema, "Kupiga mbizi ni mambo ya watalii, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu. Shule zikifungwa Desemba, familia nyingi za Nairobi, Nakuru, Kisumu na Meru hushuka Pwani. Huko ufukweni kijana wako atakutana na mtu mwenye picha za samaki wa rangi zote, amwambie kwamba kwa saa chache tu anaweza kuvaa mtungi na kwenda kuwaona. Tena wapo vijana wa Kwale, Kilifi na Lamu ambao wamemaliza shule na wanataka kujifunza kazi hii ili waongoze wageni. Ni kazi halali na ina heshima yake. Kijana atakuja kwako kuomba ruhusa na pesa, naye atakuuliza swali moja tu: "Mama, niende?" Wewe unatakiwa kumrudishia maswali matatu: Wapi? Lini? Na nani?

Tuanze na mwili, kwa sababu mahali pa kwenda huamuliwa na mwili.

Watu wengi hudhani ndani ya ule mtungi mna oksijeni tupu. Sivyo. Kwa kawaida ni hewa hii hii unayovuta sasa, imeshindiliwa tu. Sehemu kubwa ya hewa hii, karibu asilimia 78, ni gesi iitwayo naitrojeni. Hapa nchi kavu naitrojeni inaingia na kutoka bila kutusumbua. Lakini maji ni mazito. Ukishuka mita 10 tu, shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu. Ukifika mita 30, ni mara nne. Chini ya shinikizo hilo naitrojeni inaingia kwenye damu na nyama za mwili na kuyeyukia humo.

Sasa chukua chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, gesi huioni. Ifungue polepole, gesi inatoka taratibu. Ifungue ghafla, povu linamwagika mpaka mezani. Mzamiaji anayepanda polepole ni soda iliyofunguliwa polepole. Anayekimbilia juu kwa hofu ndiye ile soda ya povu, ila povu lake liko ndani ya damu, kwenye viungo, hata kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 wakiwa mita 5 kutoka juu kabla ya kutoka majini.

Kuna jambo jingine la haraka zaidi. Hewa iliyoko mapafuni wakati mtu yuko mita 10 chini itakuwa mara mbili akifika juu. Akiizuia pumzi huku anapanda, mapafu yanaweza kupasuka, na hilo linaweza kutokea hata kwenye maji ya kina kifupi kama cha bwawa la hoteli. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mtu mwenye mtungi ni kutozuia pumzi kamwe. Vijana wetu wa Pwani waliozoea kuzamia kwa pumzi zao wenyewe kutafuta pweza na kamba wanahitaji kuambiwa hili mara mbili, maana wao tangu utotoni wamejifunza kinyume chake. Ujuzi wa kuogelea wanao mwingi kushinda mimi na wewe. Hili la mtungi ni somo jipya kabisa.

Haya, sasa mahali. Kenya tuna bahati. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, nazo ni kati ya za kwanza kabisa katika Afrika. Ile ya Mombasa ilifuata mwaka 1986. Kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania, iko Kisite-Mpunguti, ambako mashua huondokea Shimoni. Katikati kuna Diani. Juu kabisa, upande wa Lamu, iko Kiunga. Kila mahali pana uzuri wake, lakini uzuri haumfai kila mtu.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, usitafute mahali penye sifa kubwa. Tafuta mahali penye maji tulivu, yenye kina kifupi, chini pana mchanga, ndani ya mwamba unaokinga mawimbi, na ambapo si mbali na hospitali. Maji ya ndani ya mwamba wa Mombasa, upande wa Nyali na Bamburi, yana sifa hizo kwa sehemu kubwa. Diani pia inafaa, maana vituo ni vingi, mwamba hauko mbali na Ukunda ni hapo hapo. Tena kituo kizuri hakimpeleki mtu baharini siku ya kwanza asubuhi. Humtia bwawani kwanza, ajifunze kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye miwani, na kutulia.

Nje ya mwamba wa Mombasa iko meli iitwayo Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili samaki na matumbawe wapate makao. Ni mahali pa kupendeza sana, na kijana akiona picha zake atataka kwenda siku hiyo hiyo. Lakini iko kwenye kina cha kama mita 30. Cheti cha kwanza cha mzamiaji humruhusu kufika mita 18 tu. Anayejaribu kwa siku moja, bila cheti, hapaswi kupita mita 12. Mtu akikuambia atampeleka mwanao kwenye Dania ndani ya siku mbili tangu aanze, huyo anauza safari tu. Mshukuru, uondoke.

Watamu nayo ina mlango wa Mida, ambako ndani ya mapango wanakaa chewa wakubwa sana. Ni ajabu ya Mungu. Ila pale maji yanaingia na kutoka kwenye hori kwa nguvu, bahari inapojaa na inapokupwa, na mkondo unaweza kumbeba mtu kama mto. Panafaa kwa aliyezoea, akiwa na mwenyeji anayejua saa ya maji kusimama.

Kisite maji yake mara nyingi ni maangavu, na matumbawe yako karibu na uso wa bahari, kiasi kwamba huhitaji mtungi. Ukivaa miwani, kipumulio na jaketi la kuelea unaona karibu kila kitu. Kwa familia zenye watoto mimi napendelea hapo. Na kama wewe ni mjamzito au hupendi maji, kisiwani Wasini akina mama wa hapo wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mawe ya matumbawe ya kale, katikati ya mikoko. Utatembea miguu mikavu, na ada unayolipa inawafikia akina mama wenzako.

Kiunga ni pazuri, lakini ni mbali. Mtu akiumia huko, saa zitapita kabla ya kufikishwa kwenye hospitali kubwa. Kwa anayejifunza, ngoja kwanza.

(Muziki kidogo)

Sasa, lini? Wazee wa Pwani hawahitaji kuambiwa. Kaskazi inapovuma, kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi. Oktoba na Novemba, kusi inapoisha, pia huwa na siku nzuri. Kusi yenyewe ikishika, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanakuwa makubwa na maji yanachafuka, na baadhi ya vituo hufunga kabisa. Kwa hiyo mtu akikupa bei ya chini sana mwezi wa Juni, ujue kwa nini.

Malindi ina jambo lake. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji, nao huteremsha udongo kutoka bara. Mvua ikinyesha sana Ukambani, maji ya Malindi yanakuwa mekundu, na ndani yake huoni hata mkono wako. Udongo ulioondoka shambani kwako Machakos kwa kukosa matuta ndio huo unaofunika matumbawe. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Uliza pia juu ya bamvua. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu, katikati ya hizo, bahari haiendi mbio. Mwanafunzi apewe maji mafu. Mvuvi yeyote wa mtaani atakuambia ni lini, bila malipo.

Na nani? Hapa ndipo nakuomba uchukue karatasi. Nenda wewe mwenyewe kituoni, usitume mtu. Omba kuona kadi ya mwalimu, yenye jina lake, picha yake na jina la shirika lililomfundisha. Usione haya. Mwalimu wa kweli hufurahi kuulizwa. Uliza, baharini atakuwa na wanafunzi wangapi peke yake? Kwa watu wa mara ya kwanza, wawili hadi wanne wanatosha. Uliza kama ndani ya mashua mna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza, na uombe uonyeshwe. Huu ndio wenye oksijeni halisi, na ndio unaoweza kuokoa mtu. Uliza mashua ina redio au simu inayofanya kazi huko nje, na kama kila abiria ana jaketi la kuokoa maisha. Uliza pia, mtu akipata ugonjwa wa kupanda haraka, chumba cha shinikizo kinachofanya kazi kiko wapi leo, na ni nani atakayelipia kumfikisha huko. Matibabu hayo ni ya gharama. Vituo makini huwa na bima, au humtaka mzamiaji awe na yake.

Kisha angalia mashine ya kujazia mitungi. Bomba lake la kuvutia hewa liko wapi? Likiwa karibu na moshi wa jenereta au wa gari, mtungi utajazwa moshi. Mtu anayepumua moshi huo chini ya maji anaweza kuzimia bila kujua kilichompata. Hewa ya mtungi haitakiwi kuwa na harufu wala ladha yoyote. Ikinuka mafuta, irudishwe.

Kituo kinachofaa kitampa kijana fomu ya maswali ya afya. Kituo kisichouliza lolote kuhusu afya yake, ondoka hapo bila kubishana. Fomu hiyo mjaze pamoja, na mjaze ukweli. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, kisukari, selimundu, kifua kikuu cha zamani, pafu lililowahi kupasuka, upasuaji wa sikio: haya yote yanataka daktari aseme kwanza, kwa maandishi. Mengine yatazuia kabisa. Najua kijana atakuambia, "Mama, usiandike ile pumu, ilikuwa ya utotoni." Andika. Mtu akishikwa na kifafa juu ya kitanda unaweza kumsaidia. Akishikwa mita 10 chini ya maji, kile cha kupumulia kinatoka mdomoni.

Mafua nayo yasidharauliwe. Kuna mrija mdogo kati ya sikio na koo unaosawazisha hewa. Mtu akiwa na mafua mrija huo unaziba, na akishuka sikio linauma vibaya, hata ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Dawa za kuzibua pua si suluhisho, maana nguvu yake inaweza kuisha akiwa bado chini. Asubiri apone. Hata akiwa mzima, afundishwe kubana pua na kupuliza polepole kila anaposhuka kidogo. Likiuma apande kidogo, asilazimishe.

Watoto je? Mashirika makubwa ya mafunzo huanza kutoa cheti cha watoto kwenye umri wa miaka 10, na mtoto wa miaka 10 au 11 haruhusiwi kupita mita 12. Lakini umri peke yake hautoshi. Mtoto huyo husikia maagizo? Akiogopa, hutulia au hukimbia? Wewe ndiye unayemjua. Na asisukumwe kwa sababu binamu yake amekubali.

Sasa wewe mama mwenyewe. Ukiwa mjamzito, usivae mtungi, hata ikiwa mimba ni changa. Mapafu ya mtu mzima huchuja viputo vidogo vya gesi, lakini mtoto wa tumboni bado hatumii mapafu yake, hana kichujio hicho. Kama ulizamia kabla ya kujua una mimba, usilie wala usiitoe kwa hofu. Mwambie mhudumu wa kliniki, na uache kuzamia mpaka ujifungue na daktari akuruhusu. Kunyonyesha hakuzuii, ila kunywa maji ya kutosha. Hedhi pia haizuii.

Sasa naomba uniongezee sauti ya redio hapo ulipo, maana jambo hili husahauliwa sana na watu wa bara.

Mtu akitoka majini bado ana naitrojeni ya ziada mwilini, hata kama alipanda vizuri. Inatoka taratibu, kwa saa nyingi. Katika saa hizo akipanda mahali pa juu, ambako shinikizo la hewa ni dogo, ni kama kuifungua ile soda mara ya pili. Ndiyo maana wazamiaji huambiwa wasipande ndege mpaka zipite angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 kama walizamia mara kadhaa au siku kadhaa. Wengi huchukua saa 24 ili wawe salama zaidi.

Ndege tunaikumbuka. Basi hatulikumbuki. Mahali popote palipo juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari panahesabiwa kama safari ya ndege. Voi iko karibu na mita 600. Kutoka hapo barabara inaendelea kupanda mpaka Nairobi, takriban mita 1,700, na ukienda Limuru au Eldoret unapita mita 2,000. Basi, matatu, gari lako au treni ya SGR, vyote vinakupeleka juu kwa saa chache. Kijana anazamia asubuhi Diani, jioni anapanda basi la usiku, alfajiri yuko Nairobi viungo vinauma, naye anasema ni uchovu wa safari. Kwa hiyo panga likizo yako hivi: siku za kuzamia ziwe za mwanzo, na siku ya mwisho nzima iwe ya nchi kavu. Tembeleeni Fort Jesus, nunueni mabuyu, laleni. Kwenda Kwale au Kilifi hakuna shida. Kwenda Wundanyi, huko mlimani Taita, kuna shida.

Dalili ni zipi? Maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyo na sababu. Ngozi kuwasha na kutoka madoa. Uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, ganzi, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa. Kifua kuuma au kukohoa damu ni dharura ya papo hapo. Mara nyingi dalili huanza ndani ya saa chache, na nyingi huwa zimeonekana kabla ya saa 24.

Mlaze chini, mpe oksijeni ile ya mashua bila kukatisha, na umkimbize hospitali. Mwambie daktari tangu mlangoni: "Alikuwa anapiga mbizi kwa mtungi, alifika mita kadhaa, alitoka majini saa kadhaa." Bila maneno hayo anaweza kutibiwa malaria au baridi yabisi. Asirudishwe majini ati apate nafuu. Na kuna jambo nalisema kwa heshima. Vijijini Pwani mzamiaji akipooza miguu, utasikia watu wakisema amepigwa na jini la bahari. Dua msomeeni, hakuna anayewakataza. Msomeeni akiwa ndani ya gari, njiani kwenda hospitali, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza nafasi yake ya kutembea tena.

Jingine ni dogo lakini hutokea sana. Mtu akichomwa na mwiba wa taa, au na yule samaki anayefanana na jiwe, tia mguu ndani ya maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua. Wewe uyajaribu kwanza kwa mkono wako, kwa kuwa mwenye maumivu hapimi vizuri. Maumivu hupungua, halafu aende hospitali, kwani vipande vya mwiba hubaki ndani na sindano ya pepopunda inaweza kuhitajika. Mwambie kijana wako asiguse kitu chochote chini ya maji, hata kikipendeza vipi.

Kabla ya kulipa ada, pigia simu kituo na uulize swali lile la oksijeni. Ukijibiwa kwa mzaha, jaribu kituo cha jirani. Pwani yetu ina vingi.

Mpaka wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri.